Taita Taveta: mgeni apande mlimani au aachiwe ndovu wake?

Mgeni anayeshuka kwenye stesheni ya SGR ya Voi kwa kawaida huwa ameshaamua anachokitaka: ndovu wekundu wa Tsavo. Gari linamsubiri nje, anaingia mbugani, analala hotelini, kesho yake amerudi pwani. Milima ya Taita ameiona kwa mbali tu, na pengine hakuuliza hata jina lake. Kaunti ya Taita Taveta imekuwa ikitembelewa hivyo tangu zamani, na si ajabu, maana asilimia 62 hivi ya eneo lake ni Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakazi wake, waliokuwa 340,671 katika sensa ya 2019, wamebanana milimani, mabondeni na mijini, huku sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ikiwa mashamba ya katani na ranchi.

Ndiyo maana wazo la kumvuta mgeni apande juu linawapendeza wengi. Atembee misituni, akwee mlima Kasigau, aone mapango yenye mafuvu ya wazee, asikie habari za Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyopiganwa huko Taveta. Mimi nami wazo hili linanivutia. Taabu yangu ni kwamba linatolewa kama kifurushi kimoja, ilhali ndani yake mna vitu ambavyo havifai kupewa jibu moja.

Tuanze na pesa. Mbuga ni za serikali ya kitaifa. Kiingilio cha Tsavo kinakwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na viongozi wa kaunti wamedai mgao kwa miaka mingi bila kuridhika. Wakati huohuo, ndovu hawasomi mipaka. Wanatoka usiku, wanavamia mahindi ya watu Mwatate na Voi, na anayelala njaa si yule aliyekusanya kiingilio. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeziachia kaunti utalii wa mashinani pamoja na makumbusho. Kwa hivyo mtu anayepanda mlima Vuria kwa miguu, akilala mjini Wundanyi na kumlipa kijana wa pale amwongoze, ni mgeni ambaye fedha zake hazina haja ya kupitia Nairobi kwanza. Hoja hii ina uzito, na sijaona aliyeipangua.

Kuhusu mandhari hakuna ubishi mkubwa. Vuria ina zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa pale juu, penye milingoti ya mawasiliano, siku isiyo na ukungu unaiona nyika yote ya Tsavo upande mmoja, na upande mwingine Kilimanjaro, mlima ukikubali kuonekana. Milima hii ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania, na nchini Kenya safu hiyo haipatikani kwingine. Milima ya Dawida, Mbololo, Sagalla na Kasigau imesimama kila mmoja peke yake, nyika ikiizunguka kama bahari inavyozunguka visiwa, na kwa sababu hiyo kuna viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kuna ndege wanaobeba jina la Taita, kuna nyungunyungu wa ajabu wa Sagalla asiye mnyoo hata kidogo bali jamaa wa vyura, kuna ua dogo la violeti la Mbololo.

Watembeaji hawakuanza jana. Mwaka 1847 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Kasigau, silaha yake ikiwa mwavuli. Mwaka uliofuata alipita Taita katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, akauona Kilimanjaro, mlima wenye theluji, na mabingwa wa jiografia wa Ulaya wakamcheka kwamba theluji haiwezi kuwa karibu na ikweta. Wataita, waliokuwa wakiuona mlima huo toka utotoni, hakuna aliyewaandikia kuwauliza.

Wapinzani wa matembezi wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Zaidi ya asilimia 90 ya msitu wa asili wa milima hii imekwisha. Msitu wa Ngangao, unaotajwa sana na wapenzi wa ndege, una hekta 120 hivi tu. Chawia ni mdogo kuliko huo. Apalis wa Taita, ndege mdogo anayejificha vichakani, yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sasa waza kundi la watu kumi na watano na spika ndogo, wakicheza sauti ya ndege iliyorekodiwa ili dume atoke kupigania eneo lake, wampige picha. Akisumbuliwa hivyo wikendi baada ya wikendi msimu wa kutaga, msitu mdogo kiasi hicho utamficha wapi?

Hata hivyo, kuwalaumu watembeaji kwa maangamizi ya msitu ni kukosea adui. Msitu uliliwa na mashamba, kuni na mbao, kisha ukapandwa mikaratusi na misunobari pale ambapo miti ya asili ingeweza kurudi. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na serikali kuitunza misitu. Chama kinachopata ada ya matembezi kina sababu ya kumkamata mwenye msumeno. Bila ada hiyo, kinalinda kwa mapenzi tu, na mapenzi hayalipi karo. Naona inatosha kuweka kikomo cha watu kwa siku, kupiga marufuku spika na kuufunga msitu wakati ndege wanatotoa. Njia za miguu zifunguliwe.

Historia ya vita ni jambo jingine. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na kwa mwaka na nusu mji huo wa koloni la Waingereza ukawa mikononi mwao. Waingereza wakajenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na mbele zaidi. Tarehe 12 Februari 1916, kikosi cha wanajeshi weupe wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa vita vya nyika, kilishambulia kilima cha Salaita. Kilirudishwa vibaya na jeshi la kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Walioziba pengo ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, kukapiganwa kwenye vilima vya Latema na Reata, na Taveta ikarudi kwa Waingereza.

Kama mada ya safari, hii ni dhahabu. Salaita iko kando ya barabara kuu ya Voi kwenda Taveta, ambayo sasa ina lami. Mahandaki bado yanatambulika, na upo mbuyu ambao kila mwongoza watalii atakuambia kwamba mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwalenga Waingereza mmoja mmoja. (Nawaachia wao dhamana ya kisa hicho.) Kuna makaburi ya kijeshi Taveta na Voi, na ya Wahindi huko Maktau, yote yakitunzwa kwa nyasi zilizokatwa na majina yaliyochongwa.

Lakini angalia majina hayo ni ya nani. Vita vya Afrika Mashariki viliendeshwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Sheria ya 1915 ilimruhusu mkoloni kuwachukua kwa nguvu, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuwahi kuandikwa kwa majina wala kuwekewa kaburi lao. Ukimtembeza mgeni kutoka kaburi hadi kaburi bila kumweleza hilo, umemtembeza katika uongo uliopangwa vizuri.

Kisha kuna Kasigau. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu Wakasigau kwamba waliwaelekeza Wajerumani kwenye kambi ya Waingereza. Adhabu haikuwa ya mtu mmoja wala ya wazee wachache. Jamii nzima ilihamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko, na walionusurika waliruhusiwa kurudi baada ya miaka mingi. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kisa kikubwa kuliko vyote vya vita katika kaunti hii, kwa sababu kinamhusu mtu ambaye vita havikuwa vyake. Mwingereza anayefuata nyayo za babu yake aliyepigana Latema anakifahamu? Mtoto wa shule ya Mwatate je?

Wanaouza safari hizi hujibu kwamba mteja ndiye anayelipa, na mteja anataka majenerali. Sikubaliani nao. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kuona kilima kikavu cha Salaita si mtu wa kuogopa habari nzito. Anachokosa ni wa kumsimulia. Na hapa kaunti haiwezi kumlaumu mtu mwingine: kuandika mabango, kukusanya simulizi za familia za Kasigau na kuweka hata chumba kimoja cha makumbusho ni kazi ambayo Katiba imeikabidhi yenyewe. Mwangeka, aliyewapinga Waingereza Mwatate mwishoni mwa karne ya 19, naye angepata nafasi humo.

Nimeyaacha mapango mwisho kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo ninapoachana na wanaotaka kufungua kila kitu. Zamani Mtaita akifa alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kupelekwa kwenye pango au chini ya mwamba wa ukoo, likawekwa pamoja na ya waliotangulia. Huko watu walikwenda mvua ilipokataa kunyesha au maradhi yalipozidi. Kulikuwa pia na fighi, misitu midogo ya matambiko iliyoaminiwa kuukinga mlima na maadui. Misheni ilipoanza Sagalla mwaka 1883 na makanisa yakaenea, desturi ya mafuvu ilififia. Mafuvu yenyewe bado yapo.

Wanaotaka yaoneshwe husema, kwanza, kwamba vijana wa Kitaita wenyewe hawayajui. Pili, kwamba pango lisilotembelewa halilindwi, na mwizi au mtoto mtundu anaweza kuondoka na fuvu pasipo mtu kujua. Tatu, kwamba katika nchi nyingi mifupa ya wafu huoneshwa kwa heshima na hakuna anayelalamika. Hoja ya pili inanisumbua kweli. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inalinda mahali kama hapa kwenye karatasi, lakini karatasi haikai mlangoni usiku.

Hata hivyo, hebu tazama mfano ulio karibu. Simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 waliuawa na mhandisi Patterson. Ngozi na mafuvu yao aliyauzia jumba la makumbusho la Chicago, na hadi leo mgeni anayetaka kuwaona simba maarufu kuliko wote wa kaunti hii inabidi apande ndege kwenda Marekani. Kitu kikishageuka cha kuoneshwa, mwenye uwezo wa kulipa ndiye anayeamua kitakaa wapi na kitaelezwa vipi. Simba hawana ukoo wa kuwadai. Mafuvu yana wajukuu walio hai, Wakristo wengi wao, wengine wakiona aibu, wengine wakienda pangoni kimyakimya shida ikiwazidi. Ni wao wa kuamua, si ofisi ya utalii ya kaunti wala kampuni ya safari. Ukoo ukikubali, aende mtu na mzee wa ukoo, bila kamera, na malipo yaende kwa mlinzi wa pango. Ukoo ukikataa, lisiwekwe hata kwenye ramani.

Najua jibu litakalokuja: masharti haya yatapunguza wageni. Ni kweli yatapunguza. Lakini kaunti hii haihitaji umati. Vijiji vinavyouzunguka mlima Kasigau, kama Bungule na Rukanga, vimeshaonyesha kwamba jamii inaweza kuwa na banda zake za wageni, ikapika, ikaongoza watu mlimani, na mapato yakabaki kijijini. Udhaifu wake ni kwamba vitanda ni vichache na mgeni haji kila wiki. Dalali wa Mombasa anayeleta basi zima atapendelea hoteli kubwa ya nyikani inayompa kamisheni, na sioni namna ya kumlazimisha afanye vingine.

Mteja anayefaa ni mwingine: Mkenya wa Nairobi au Mombasa mwenye wikendi ya siku tatu, aliyekwisha kuona ndovu mara nyingi na anayefika Voi kwa treni. Huyu hahitaji hoteli mpya. Anahitaji matatu ya kuaminika kutoka Voi kupanda Wundanyi kwa zile kona za kutisha, kitanda safi, sahani ya kimanga, na kijana anayewajua ndege wa Ngangao kwa sauti zao. Vijana wa namna hiyo wapo, baadhi yao wakiwa wamewasaidia watafiti wa vyuo vikuu kwa miaka. Wanachokosa ni leseni, bima na bei inayojulikana, ili mgeni asitozwe kulingana na viatu alivyovaa. Hayo kaunti inaweza kuyashughulikia katika bajeti ya mwaka mmoja, kabla ya mvua za vuli kuzigeuza njia za Mbololo kuwa matope.