Mkono umesimama, meza bado inakwenda

Mtu kachukua Bridgeport ya zamani, mashine ya kuchongea chuma kwa mkono, ili aiendeshe kwa kompyuta: kang'oa hendeli, kafunga bolskrubu (skrubu za mipira) mpya kwenye X na Y, kanunua stepa (mota za hatua) za Nema 34 na kadi ya Mesa ya kuziunga na kompyuta, na paneli kaipanga waya vizuri mpaka unaona hasara kuifunga mlango. Kazi ya miezi. Siku ya mwisho pesa zimekwisha, hamu nayo imekwisha, ndipo anauliza anunue rimoti gani, ile yenye gurudumu la kusogezea mihimili ya X, Y na Z. Jibu atakalopewa nalijua kabla hajamaliza swali: "Chukua isiyo na waya bwana, ndiyo ya kisasa."

Ya kisasa! Kana kwamba waya ni ushamba, na mashine ya karibu tani moja ni televisheni ya sebuleni.

Turudi kwanza kwenye kile alichokitupa. Hendeli ya Bridgeport ya inchi, mzunguko mmoja unasogeza meza inchi 0.2, yaani milimita 5.08. Ukiigusisha endimili (kisu kinachozunguka) kwenye chuma unaisikia kwenye kiganja. Pleyi ya nati, ule ulegevu wake, unaisikia. Na ukiacha kuzungusha, meza inasimama. Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuliandika kwenye kitabu cha maelekezo, maana hakuna aliyedhani itakuja mashine ifanye vingine. Imekuja. Umeitengeneza mwenyewe.

Sasa fanya hesabu. Gurudumu la kawaida la rimoti lina tik 100 kwa mzunguko. Swichi ya kuzidisha ikiwa kwenye x100, tik moja ni milimita 0.1, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 10. Mkono wenye haraka unapiga mizunguko mitano kwa sekunde bila jasho: umeagiza milimita 50. Lakini mashine yako ya stepa umeiwekea kikomo cha milimita 1500 kwa dakika, ambayo ni 25 kwa sekunde. Sekunde imekwisha, mkono umeuondoa, na bado kuna milimita 25 zinazodaiwa. Meza itazilipa zote. Itaendelea kwenda sekunde nzima nyingine na zaidi, huku wewe umeshageuka kuchukua spana. Jiliwa liko umbali gani na endimili? Milimita 20? Basi.

Hapo mtu analaumu kadi, analaumu stepa, analaumu umeme. Mashine imefanya kile ilichoagizwa, tik kwa tik. Kwenye LinuxCNC, programu inayoendesha mashine, tabia hii inatawaliwa na pini moja (ncha ya kuunga mawimbi ndani ya programu) inayoitwa jog-vel-mode. Ikiwa 0, kila tik ni deni na lazima lilipwe. Ikiwa 1, gurudumu likisimama mhimili unapunguza mwendo na kusimama papo hapo, na tik zilizobaki zinafutwa. Ukiiacha bila kuiunga na chochote inabaki 0, na watu wanaiacha kwa sababu usanidi walioukopi kwa mwenzao haukuigusa.

Wapo watakaosema weka 1 kila mahali yaishe. Haiishi. Ukiweka 1 huwezi tena kuamini kwamba tik kumi za x10 ni milimita 0.1, kwa sababu mashine inaruhusiwa kuzitupa. Unapogusisha ukingo wa kazi kwa x10 unataka kila tik ihesabiwe. Dawa ni rahisi, na sielewi kwa nini haifanywi na kila mtu: chukua mawimbi ya nafasi ya x100 kwenye swichi, yaunge moja kwa moja na jog-vel-mode. Kwenye x1 na x10 kila tik inalipwa, kwenye x100 mkono ukisimama meza inasimama. Fanya hivyo kwenye pini za axis na pini za joint pia. Kabla ya kuhome, yaani mashine kutafuta sifuri yake, zinazofanya kazi ni za joint, baada ya kuhome ni za axis, na anayeunga upande mmoja ndiye yule anayelalamika kwamba rimoti "inakufa" kila akimaliza kuhome. Wa Mach3, programu nyingine ya kazi hiyo, nao wana modi zao za gurudumu za kuchagua, hawana kisingizio.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na isiyo na waya unapoanzia. Gurudumu la waya linatoa mapigo mawili, A na B, yanayoingia kwenye kontrola yenyewe. Hakuna wa katikati. La hewani linahesabu tik zake lenyewe, linazifunga kifurushi, linakirusha hewani pamoja na redio nyingine za jirani, kipokezi kinakipokea, USB inakipeleka, programu inakifungua, halafu ndipo mhimili unaambiwa. Siku nzuri huoni tofauti. Siku mbaya unapiga tik, kimya, unapiga tena, kimya, unapiga tena, na zote tatu zinafika pamoja. Ikiwa umeiweka kwenye mwendo wa kuendelea, ambapo mhimili unakwenda mpaka uambiwe simama, jiulize neno "simama" likipotea njiani nani atalirudia.

Mara nyingi kosa si la redio hata kidogo. Kipokezi kimechomekwa nyuma ya kompyuta, kompyuta iko ndani ya kabati la chuma, kabati limefungwa na pembeni yake kuna invata ya spindo, kile kifaa cha kubadili kasi ya mota inayozungusha endimili. Kama unalazimisha hewani, angalau toa kipokezi nje kwa waya wa USB wenye feraiti (kipande cha kuzuia kelele ya umeme), kikae mahali rimoti inakiona. Ndiyo, waya. Umenunua isiyo na waya halafu unatandika waya.

Kisha kuna ule uyoga mwekundu. Kwenye rimoti nyingi za hewani kitufe chekundu ni ujumbe tu, kama vitufe vingine. Betri mbili za AA zikilala, kile kitufe ni picha ya kitufe. Kitufe cha dharura cha kweli ni mguso wa NC, umefungwa muda wote, umeungwa kwa mfululizo na uyoga wa kwenye mashine, volti 24 zinapita humo kwenda rilei ya usalama, na rilei inaachia kontakta (swichi kubwa) inayolisha draiva za mota. Ukikibonyeza, umeme unakatika. Waya ukikatwa na kiti cha ofisi, umeme unakatika. Programu ikiganda, haiulizwi. Zipo redio za viwandani, zile za kreni, zilizoundwa zikate zenyewe mawasiliano yakipotea, lakini bei yake si ya mtu aliyebakiwa na chenji.

Jambo moja kwa wenye rimoti za waya, msichekelee mapema: msiiwekee plagi ya kuchomoa. Ukiichomoa utalazimika kuchomeka plagi bubu ili mzunguko wa dharura ufunge, na rimoti yenye uyoga mwekundu itabaki imelala kwenye droo, haijaungwa na kitu. Siku ya kelele msaidizi wako ataichukua ile na kuibonyeza kwa nguvu zote. ISO 13850 inadai kitufe cha dharura kilicho hai kisiweze kuchanganywa na kilichokufa, na sababu ni hiyo hiyo. Iunge moja kwa moja kwenye paneli, ibaki hapo.

Kitufe cha pembeni, kile cha kushikilia ndipo gurudumu likubali, nunua yenye nacho. Kizuri zaidi ni cha hatua tatu: ukiachia inazima, ukishika kawaida inawaka, ukikikamua kwa hofu inazima. Cha rimoti za bei nafuu ni cha hatua mbili, nacho ni bora kuliko kutokuwa nacho, maana gurudumu lisilo na kitufe linazungushwa na mkono wa koti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hewani ina mahali pake. Ruta ya mbao yenye meza ya mita 1.3 kwa 2.5, unaizunguka kutafuta kona nne za ubao, waya utakuwa unakukwaza kila hatua. Kioo kidogo kinachoonyesha X, Y na Z mkononi nacho ni kitamu, siwezi kusema uongo. LinuxCNC ina kiendeshi tayari cha rimoti moja ya namna hiyo, xhc-whb04b-6, huandiki hata mstari mmoja wa programu. Haya. Lakini mwenye Bridgeport anasimama mahali pamoja siku nzima, uso uko futi mbili kutoka kwenye spindo. Anatembea kwenda wapi?

Basi umeamua ya waya. Geuza gurudumu uangalie skrubu za nyuma. Zikiwa nne (volti 5, sifuri, A, B) liache dukani. Taka lenye sita, lina A na B pamoja na kinyume chake, A- na B-. Kelele ya umeme ya invata inaingia kwenye nyaya zote mbili za jozi sawasawa, na kipokezi kinasoma tofauti tu, kwa hiyo kelele inajifuta. Ngao ya kebo ifunge kwenye athi upande wa paneli peke yake, na usiilaze kebo kwenye trei moja na waya wa mota ya spindo. Ukihesabu nyuzi zote (gurudumu 6, mihimili 4, vizidishi 3, waya wa pamoja, uyoga 2, kitufe cha pembeni 2, taa 2) unafika 20, kwa hiyo ile kebo ya mtandao yenye nyuzi nane uliyotaka kuifufua, iache ilale.

Halafu volti. Ingizo za uwanjani (zile za swichi na vitufe) za 7I76E, moja ya kadi za Mesa, ukizilisha 24 zinasubiri 24, na gurudumu la volti 5 litazungushwa mpaka liote kutu bila kuonekana. Nunua gurudumu la volti 24 uliingize kwenye ingizo namba 16 hadi 19, kadi ikiwa kwenye modi 2 inayozisoma kama gurudumu. Au kama spindo yako haina enkoda (kihesabu mzunguko), lile ingizo la enkoda liko bure, linakula volti 5 na jozi za kinyume, jampa tu ndiyo uiweke upande wa tofauti. Anayetumia paralelo poti, ile soketi ya printa za zamani, na kusoma gurudumu kwenye uzi wa servo, sehemu ya programu inayorudiwa kila milisekunde moja, atapoteza tik: mzunguko mmoja una kingo 400 (nne kwa kila tik), mizunguko miwili na nusu kwa sekunde tayari ni kingo 1000, na uzi unatazama mara 1000 tu. Hesabu ya enkoda iweke kwenye uzi wa haraka.

Kabla hujaandika jog-scale, yaani umbali wa kila hesabu moja, zungusha gurudumu duara moja kamili usome hesabu kwenye halshow, dirisha la LinuxCNC la kutazamia pini. Ikisema 400, milimita 0.1 kwa tik ni 0.025 kwa hesabu. Asiyegawanya kwa nne anapata tik ya milimita 0.4, halafu anasema rimoti ni kali.

x1 ni pambo kwa mashine nyingi za namna hii. Stepa ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8 (maikrostepu), skrubu ya milimita 5 kwa mzunguko, hatua moja ni milimita 0.003125. Unapiga tik tatu hadi nne za 0.001 ndipo mota ipate sababu ya kuamka. Na kama umeziacha skrubu za zamani zenye pleyi ya milimita 0.2, ukibadili mwelekeo kwenye x10 tik 20 za kwanza ni za kuimaliza pleyi, meza haijui kitu.

Sumaku ya mgongoni: hapana. Mashine inayokata chuma, sumaku inakusanya chembe mpaka rimoti inaota ndevu, na ndevu zile zinakwaruza rangi na kukuchoma kiganja. Pinda ndoano ya bati, ifunge upande usiorushiwa maji ya kupozea.

Ikishaungwa, usiipeleke kazini kabla ya hili. Pandisha Z juu kabisa, toa endimili, meza ya X iwe katikati, mkono mwingine uwe juu ya uyoga wa mashine. Weka x100. Mwenzako ashike rula kwenye ukingo wa meza. Piga mizunguko mitano ya haraka, simamisha gurudumu ghafla kwa kiganja, na palepale aweke alama ya penseli meza ilipokuwa wakati kiganja kinatua. Pima kutoka kwenye alama hadi meza iliposimama. Ikiwa milimita moja mbili, huko ni kupunguza mwendo tu. Ikiwa 25, rudi kwenye jog-vel-mode. Ukirudia mara tano na kila mara ikatoka namba tofauti, na gurudumu ni lile la hewani, boksi lake bado unalo?