Bukuru bila Butoyi: kijana aulizwe jina lake, au aachwe?

Kwa Waha wa Kigoma, mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na jirani akisikia moja anajua lipo la pili. Nilikuwa nasimamia klabu ya vijana katika sekondari moja huku Kasulu, nikawapa kidato cha pili kazi: kaulize nyumbani nani alikupa jina, na kwa nini. Siku ya kusoma majibu, kijana mmoja akasimama na karatasi yake. "Naitwa Bukuru." Nyuma yake mtu akaropoka, "Butoyi yuko wapi?" Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akakaa.

Tangu siku hiyo najiuliza kama kazi ya namna hii inamsaidia kijana kujijua au inamtonesha tu.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na mimi ni mmoja wao. Majina yetu yanasimulia. Kwa Wanyamwezi wa Tabora, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndiye anayewafuata, na Kabula ni binti wa mvua. Ntakirutimana wa huku kwetu amebeba sentensi nzima: hakuna kinachompita Mungu. Mtoto anayeliona hilo kuwa jina refu tu la kujaza kwenye fomu amekosa mazungumzo mazuri na bibi yake. Vijana wanaoona haya majina ya kienyeji huwa nawatajia Nyerere. Alipoingia Shule ya Tabora mwaka 1937 hakuwa Julius bado. Alikuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua kubwa. Alibatizwa mwaka 1943, na jina la mvua akabaki nalo mpaka mwisho. Hata mtemi Mirambo wa Urambo hakuzaliwa Mirambo, jina hilo lilimjia ukubwani. Kijana akiyasikia haya anaona kwamba jina lina historia, na kwamba yeye pia anaweza kuliongezea yake.

Lakini yapo majina ya uchungu. Shida, Tabu, Mashaka. Mama aliyeachwa na mimba ya miezi saba akamwita mwanawe Tabu hakukosea, ila binti huyo akiwa na miaka 14 unamsimamisha mbele ya wavulana 50 aeleze nini? Kiha kina majina yanayowasema majirani kabisa. Nsanzugwanko: nimeikuta chuki. Chuki ya nani? Anayetajwa huenda bado anaishi nyumba ya pili.

Linalonisumbua zaidi ni la mpakani. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina yetu mengi yako pande zote mbili. Kijana Mha, ambaye babu yake kazaliwa Heru Juu, hapa hapa Kasulu, anaulizwa barabarani kama ni Mrundi kwa sababu ya jina lake la tatu. Wapo pia ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, wakapokelewa Ulyankulu kule Tabora, wengi wakaja kupewa uraia mwaka 2014. Kwa mtoto wa familia ya namna hiyo, jina ni kitu cha kutaja kwa tahadhari. Klabuni ninaye kijana anayeandika majina mawili tu, kila mara.

Hoja ya vyeti naipitia haraka: anayetaka kuongeza jina la babu aelezwe mapema kwamba majina yasiyolingana kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho yatamsumbua. Hata Bukuru kuandikwa Bukulu ni usumbufu.

Msimamo wangu ni kwamba swali liulizwe. Nilipokosea ni kutaka jibu lisomwe darasani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina na ya kuwajua wazazi wake na ukoo wake. Mimi mwalimu sikupewa humo haki ya kusikiliza.

Nilikwenda nyumbani kwa kina Bukuru kuomba radhi. Mama yake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, mawe anayatupa pembeni bila kuyatazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kigoda."

Nikaeleza kilichotokea. Akanyamaza, akapepeta kidogo. Kisha akasema, "Miaka yote nilikuwa nangoja aniulize. Sikujua nianzie wapi. Alipokuja na ile karatasi yako nikamshika mkono, nikampeleka kule nyuma ya migomba, nikamwonyesha mdogo wake alipolala." Akaendelea kuchambua.

Siku hizi swali linakwenda nyumbani, na karatasi hairudi shuleni mpaka mwenyewe apende. Wengi huzirudisha, tena kwa mbwembwe. Bukuru hajaileta yake. Yule wa majina mawili bado anaandika mawili, nami sijamuuliza la tatu.