Alama Moja Ibaki Siri Yako

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, fataki zilipoanza kulia kwetu Goba, Dar es Salaam, mbwa wetu Simba aliruka ukuta akatokomea gizani. Asubuhi, hata chai hatujanywa, tulishabandika tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook: picha nne, kola nyekundu, doa jeupe kifuani, mtaa tunaoishi, namba ya simu na zawadi ya shilingi 200,000. Leo nikilisoma tena naona tulimpa tapeli kila alichohitaji.

Simu ya kwanza iliingia saa nne. Sauti ya upole, yenye haraka kidogo. Simba yuko Chalinze, kapakiwa kwenye lori bila dereva kujua, tutume nauli 45,000 aletwe na basi la saa sita. Kola akaitaja, doa akalitaja. Mke wangu alikuwa amelia usiku kucha, akatuma. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa lile alilojitambulisha nalo, lakini tukaambiwa hiyo ni namba ya kondakta. Tulikaa stendi ya Mbezi mpaka giza likaingia.

Waliotupa pole walihesabu hiyo elfu arobaini na tano. Mimi kinachoniuma ni ile siku. Kwa kuamini kwamba Simba yuko Chalinze, tuliacha kumtafuta Goba. Mbwa aliyetishwa na fataki anaweza kuwa amejibanza mtaa wa pili tu. Paka ndiyo kabisa: hujificha uvunguni au darini kwa jirani, kimya, hata umwite kwa jina. Saa zile za mwanzo ni za kuzunguka kwa miguu na kugonga mageti, na ndizo tapeli anazokuibia.

Kwa hiyo nashikilia hivi: tangazo lisiseme yote. Simba ana kucha ya ziada mguu wa nyuma wa kushoto, na haionekani kwenye picha yoyote. Hatukuwa tumeiandika, na jioni ile tukakubaliana isitajwe kwa mtu.

Wakapiga wengine. Mmoja alijiita daktari wa mifugo: Simba kagongwa na bodaboda, itangulie 150,000 ya upasuaji. Nikamwuliza mguu wa nyuma una nini, akasema umevunjika. Nikaomba simu ya video, kamera ikawa mbovu. Nikaomba jina la kliniki ili niitafute namba yake mwenyewe, akakata. Mwingine alitaka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji, eti ahakikishe mimi ndiye mwenye mbwa. Hizo ni za kuihamishia WhatsApp yako kwenye simu yake, na kesho yake ndugu zako wote wanaombwa hela kwa jina lako. Picha nayo usiitegemee. Programu za akili mnemba zinaweza kuchukua picha uliyobandika mwenyewe zikamlaza mbwa wako kwenye meza ya daktari, amefungwa bandeji.

Namba zao tuliziripoti kwa meseji kwenda 15040, namba ya Tanzania ya kuripoti matapeli wa simu. Ripoti hata kama hukutuma kitu, maana kesho atampigia mwingine.

Wapo waliotuambia kulilia mbwa ni uzungu, na kwamba tuliyataka wenyewe. Siwakubalii. Simba amelinda watoto wangu miaka sita. Mke wangu alituma hela kwa sababu anampenda, na aibu ya jambo hili ni ya aliyepokea. Maneno kama hayo ndiyo yanayowafanya waliotapeliwa wanyamaze.

Siku ya tatu alipiga mama anayeuza vitumbua karibu na pagale moja, hata kilomita haifiki kutoka kwetu. Alisema kuna mbwa amelala humo ndani, anampa maji, kola hana. Hela hakuigusia. Nikamwuliza kama anaona chochote kwenye miguu yake ya nyuma.

"Ngoja nisogee." Kimya kidogo. "Huu wa kushoto una kucha imezidi, hapa juu."

Tulitoka mbio na kandambili.