Tortilla si chapati ya sembe

Wapo wanaoiita tortilla, mkate bapa wa mahindi wa Mexico, "chapati ya unga wa mahindi". Atakayejaribu kwa sembe ya ugali ataambulia makombo, maana unga huo haushikani. Siri ni chokaa. Kilo moja ya mahindi makavu huchemshwa kwa lita tatu za maji na gramu kama 10 za chokaa iliyozimwa, ile ya kuliwa (ndugu wa chokaa ya tambuu, si ya kupaka ukutani!). Moto wa wastani, dakika 30 hadi 45, mpaka ganda litoke ukilisugua kwa vidole. Yalaze humo usiku kucha, yaoshe, yasage yakiwa na majimaji yawe donge. Chokaa ikizidi, donge huwa chungu na la manjano. Ikipungua, ganda haling'oki na kingo za tortilla hupasuka. Chokaa hiyohiyo hufungua niasini (vitamini B3) iliyofungwa ndani ya punje. Ndiyo maana pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, iliwapata walioishi kwa mahindi matupu bila kuyatia chokaa. Donge likishafanywa tortilla, igeuze mara mbili kwenye kikaango bapa. Isipovimba, donge ni kavu mno au kikaango hakijapata moto. Na madukani huko Mexico tortilla huuzwa kwa kilo, zikiwa moto, zimefungwa kwenye karatasi.