F ni ya Foto

Najua wengi wenu mmeshaiona status ya WhatsApp ya Kinyozi, ile clip ya kompyuta yangu ikisomewa dua. Hata msiokuwa na namba yake mmetumiwa, maana jana mtu wa Mwanza ambaye sijawahi kuonana naye kaniandikia, "Pole kaka, sheikh ameshaondoka?" Kwa hiyo naomba niseme ya kwangu kabla hadithi haijafika Bukoba ikiwa na majini ndani yake. Hakuna sheikh aliyeitwa kuisomea kompyuta yangu. Aliyeisomea ni Shangazi wa bibi harusi, na hakuitwa na mtu, alikuwa amekaa palepale.

Nimerudia kusoma hayo, naona sijajisaidia. Tuendelee tu.

Ile laptop yangu mnaijua. Wateja mliowahi kuniuliza "picha lini?" mnaijua zaidi. RAM yake, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8, na kamera yangu inatoa picha ya RAW, ghafi na nzito, yenye pikseli milioni 24. Harusi moja narudi na picha elfu mbili na ushee. Nikifungua Lightroom, programu ya kuhariri picha, feni inalia kama bajaji yenye abiria wanne inapanda mlima Kimara. Ilipokuja ile Denoise mwaka 2023, ya kuondoa chengachenga kwenye picha za ukumbini, niliipokea kwa shangwe, nikabofya. Laptop ikaniandikia nisubiri dakika 38. Kwa picha moja. Nikaenda kula chipsi mayai, nikarudi, ikaniandikia dakika 41.

Mwezi wa tano nikapokea mchezo. Nikasema safari hii sinunui kitu cha dukani kilichofungwa tayari, naunda kompyuta yangu mwenyewe, kifaa kwa kifaa, ya kazi ya picha. Nikasoma wiki tatu. Tatizo langu ni kwamba nasoma kama ninavyosoma kibao cha daladala: naona herufi mbili za mwanzo, zilizobaki najazia mwenyewe huku nakimbia.

Nilichojazia nikakiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, Intel Core i5. Dukani zipo mbili zinazofanana, 12400 na 12400F. Zote zina viini sita, zote kasi ileile, ila yenye F ilikuwa pungufu kwa elfu sitini. Nikawaza, hawa Intel ni watu wa maana sana. Wametenga prosesa ya wapiga picha, wakaiwekea F ya Foto, na bado wametupunguzia bei.

Mnaojua F ni nini, nawaona mnavyojishika mdomo. Kaeni kimya, msiwaharibie wenzenu.

Cha pili, kioo cha kompyuta, yaani monita. Kila nilikosoma waliandika kwamba kioo cha kuhariri picha kiwe na sRGB asilimia 100, ili rangi unayoiona ndiyo itakayotoka kwenye albamu. Ile "s" ndogo nikaichukulia kama kosa la uchapaji. Nikaandika: RGB 100%, LAZIMA. Nikapigia mistari miwili.

Ukurasa huo nikaupiga picha, nikauweka uwe wolpepa ya laptop, ili kila nikishawishika kuila hela ya mchezo nione haya. Ushikilieni huo ukurasa.

Kariakoo sitaki kukaa sana. Nilishuka na mwendokasi Gerezani, nikaingia duka la kwanza, nikamwambia kijana, "Nataka mashine ya picha, RGB asilimia mia." Akanitazama kwa heshima. Akatoa boksi la kompyuta lenye ubavu unaoonyesha ndani na feni sita, kila feni inabadilisha rangi. Akaleta RAM GB 32, nazo zinawaka. Akaleta feni ya prosesa, inawaka. Nikamuuliza, "Hiyo ndiyo asilimia mia?" Akajibu, "Bosi, hii imezidi." Wala hakunidanganya. Nilichoagiza ndicho nilichopewa.

(Nimekuja kujua baadaye: RGB ya dukani ni taa za rangi, nyekundu, kijani na bluu. sRGB ni kipimo cha rangi walichobuni HP na Microsoft mwaka 1996. Hakina hata balbu moja.)

Halafu akaniambia neno ambalo ningelisikiliza, leo nisingekuwa naandika haya. Alisema, "Kaka, kwa kuwa umechukua F, lazima uwe na kadi ya picha, na waya wa kioo uchomeke kwenye kadi." Nikasikia kengele ya mtu anayetaka kuniongezea bili. Kadi nilichukua, GTX 1650 yenye GB 4, kwa sababu ya Denoise. Ile nusu ya pili ya sentensi nikaijibu, "Najua, najua," huku nahesabu hela.

Usiku wa Ijumaa nikajifungia kwenye fremu yangu Tabata na video ya Mhindi mmoja kwenye simu. Hapo nilifanya kazi ya kiume, sifa zangu nipeni. Ile prosesa inakaa juu ya pini 1,700, ukikunja moja umeumia, na mimi niliilaza kama namlaza mtoto mwenye homa. RAM kwenye nafasi ya pili na ya nne. Kadi ikaingia, ikalia tik. Kisha nikaing'oa SSD, diski ya laptop, yenye Windows, Lightroom na picha zote za harusi, nikaihamishia kwenye mashine mpya. Laptop ikabaki mezani imefunguliwa tumbo kama sato anayesubiri ndimu. Saa tisa usiku nakaza skrubu ya mwisho, Luku ikaisha.

Nikasema haina shida. Nitaiwasha kesho mbele ya watu, iwe uzinduzi.

Watu wenyewe walikuja Jumamosi saa kumi jioni: Mama wa bibi harusi, Shangazi, na mdogo wake bibi harusi ambaye simu haimtoki mkononi. Walikuja kuchagua picha 120 za albamu. Niliwapangia viti, nikanunua soda. Kinyozi, ambaye fremu yake imepakana na yangu, akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja kusimama mlangoni. Nikahutubia, ndiyo, nilihutubia. Nikasema studio hii imeingia zama mpya. Nikabonyeza.

Jamani, iliwaka. Feni sita, RAM, kila kitu. Nyekundu, kijani, bluu, zambarau, ukutani, darini, kwenye miwani ya Shangazi. Mama bibi harusi akasema, "Mashallah." Mdogo wake bibi harusi akaanza kurekodi. Shangazi akauliza, kwa nia njema kabisa, "Mwanangu, hapa ni studio au baa?"

Kioo kikabaki cheusi. Kikaandika kwamba hakipokei kitu, kikalala.

Nikasema, "Inapasha." Tukasubiri. Nikazima, nikawasha. Disko likarudi, picha hakuna. Nikachomoa RAM nikazisugua meno kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Disko. Nikaazima kioo cha stationery ya jirani. Disko. Kila nikiwasha, yule binti anarekodi upya, na kila mara Kinyozi anapiga makofi ya muziki, pa, pa, pa. Jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Dakika arobaini zikaenda, soda zikaisha. Ndipo Shangazi akavuta kiti karibu, akasema, "Vitu vipya husudu haikosi," akasoma dua yake taratibu, akaipulizia mashine mara tatu. Hiyo ndiyo clip mliyoiona. Mimi ndiye yule niliyeinamisha kichwa nyuma na bisibisi mkononi, na ndiyo, niliitikia amina.

Kinyozi akasema kuna dogo nyuma ya stendi ni fundi. Akampigia.

Dogo akaja. Umri miaka kumi na tisa, ndala, kijiti mdomoni, begi mgongoni. Akaamkia wakubwa, shikamoo mama, shikamoo shangazi. Mimi akanipa "mambo". Nilianza kumweleza: nimeshajaribu RAM, nimeshabadili kioo, nahisi pawa saplai haitoshi, au mazabodi, lile bao kuu linalobeba vifaa vyote, imekuja na hitilafu ya kiwandani. Nilisema hivyo kabisa, hitilafu ya kiwandani, kwa sauti nzito. Ananisikiliza huku anatafuna kijiti. Begi hakulifungua. Hata kulivua hakulivua.

Akazunguka nyuma ya meza. Akachuchumaa. Kimya kikatanda hadi nikasikia mashine ya kunyolea inayolia bila mtu huko kwa Kinyozi.

"Kaka."

"Naam."

"Huu waya wa kioo uliuchomeka wewe?"

Nikasema ndiyo, uko vizuri, umekaza. Akasema ameona umekaza. Akauchomoa kwenye ile tundu ya juu, iliyo pamoja na za kibodi na mausi. Akashuka chini kidogo, kwenye kadi, ambako kuna tundu tatu zenye vifuniko vidogo vyeusi vya plastiki. Na mimi vifuniko hivyo niliviona usiku ule, naapa niliviona, nikajiambia kitu kikizibwa ujue hakitumiki. Akakibandua kimoja kwa ukucha. Akanyoosha mkono bila kunitazama, akakiweka kiganjani mwangu kama konda anayekurudishia chenji ya mia. Akachomeka waya.

Kioo kikawaka.

Kumbe kompyuta ilikuwa inawaka tangu mwanzo, Windows imekaa inatusubiri, sisi tu hatuioni. Na ilipotokea, haikutokea na picha za harusi. Ilitokea na wolpepa. Inchi 27 za mwandiko wangu, kalamu nyekundu.

Nilirukia mausi. Sikuikuta, ilikuwa imeangukia chini nilipokuwa nahangaika na RAM. Shangazi akainua miwani. "Imeandikwa nini hapo? Nisomeeni." Na dogo, kwa adabu aliyofundishwa na wazazi wake kwamba mkubwa akikutuma unaitika, akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Prosesa, i-faivu, F. Mabano. F ni ya Foto."

Akanyamaza. Kijiti kikamtoka.

"Kaka, F haina picha kabisa. Ile sehemu ya kutoa picha ndani ya prosesa wameizima, ndiyo maana ni bei rahisi. Zile tundu za mazabodi kwako ni mapambo."

"Endelea," Shangazi akasema.

"RGB asilimia mia, lazima." Akageuka taratibu akalitazama boksi. Wakati huo lilikuwa limefika kwenye rangi ya waridi. Sote tukalitazama. Kinyozi alikuwa ameshakaa chini sakafuni, hana sauti, anapigapiga tu mguu wangu wa meza. Mama bibi harusi, mwanamke mstaarabu sana, akaomba aelekezwe choo kilipo, na huko chooni tukamsikia akicheka peke yake kwa muda mrefu.

Shangazi ndiye pekee asiyecheka. Alisema, "Si mnaona? Nimesoma, imewaka."

Nikamuuliza dogo bei gani. Nilitegemea elfu thelathini na nilikuwa tayari kutoa hamsini aondoke haraka. Akasema, "Nipe elfu mbili ya bodaboda tu kaka, kazi yenyewe haikuwepo." Sijawahi kupewa punguzo likaniuma kiasi hicho.

Mengine ni mafupi. Picha zilichaguliwa, 120, Denoise sasa hivi haichukui tena dakika 41, mashine ni nzuri mno, hilo naomba likae kwenye kumbukumbu. Usiku huohuo nikahariri gauni la bibi harusi nikaona lina uwaridi, nikaupunguza, asubuhi nikakuta gauni la kijani, kumbe uwaridi ulikuwa wa feni. Sasa boksi nimelifunika khanga upande ule unaoonyesha ndani. Upande huo tu, hewa inapita, msije kunifundisha mambo ya joto. Kioo cha kompyuta nacho nimekipima, sRGB yake haifiki hata mia, ila hilo tutaongea nikipokea mchezo mwingine.

Kinyozi kaja asubuhi hii anaulizia kama naliuza lile boksi peke yake na feni zake, anataka aliweke dirishani kwake livute wateja usiku. Nimemwambia laki moja na themanini. Kasema laki na ishirini, na status anaifuta. Nimeshuka hadi laki na hamsini, kwa sharti aifute na ile ya yule binti. Amekwenda kumpigia.

Nimeiangalia tena sasa hivi. Bado haijafutwa.