Kocha wa sprinta hafai kuachwa jukwaani

Jumapili nilikuwa kwa kinyozi pale Umoja, kichwa kimenyolewa nusu, TV inaonyesha marudio ya mita 100, na jamaa mmoja kwa benchi akapaza sauti: "Cheki huyo, amelegea mita ishirini za mwisho mpaka akawa wa tatu, hawa vijana hawana roho kabisa." Wote wakaitikia. Sasa hiyo ilikuwa raundi ya kwanza, na kwa raundi ya kwanza wa tatu anapita! Kijana aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona yuko ndani, akalegeza. Alifanya kitu ameambiwa na kocha wake miezi na miezi, alafu watu sita kwa kinyozi wanamwita mwoga.

Nilijaribu kueleza pale, mashine inanguruma, hakuna aliyekuwa ananisikiza. Wacha niseme hapa, mimi kama kocha wa sprinta, yaani wakimbiaji wa mbio fupi, kwa sababu hii kitu inanikaa rohoni na si ya juzi.

Mita 100 kwa mashindano makubwa si mbio moja. Pale Paris 2024 kulikuwa na mchujo wa awali wa wale hawajafikisha muda wa kufuzu, alafu raundi ya kwanza, alafu nusu fainali tatu ambazo kila moja inatoa wawili wa kwanza na wengine wawili wanaongezwa kwa kuangalia taimu, alafu fainali ya watu wanane. Raundi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, nusu fainali na fainali zote Jumapili jioni moja, katikati hata masaa mawili hayakufika. Yaani unakimbia na mwili wote, unarudi, unapoa, unapasha mwili moto tena, na unatakiwa ukimbie mbio bora ya maisha yako kabla jasho la ile ya kwanza halijakauka vizuri.

Na watu wanasahau haraka. Noah Lyles alichukua dhahabu Paris kwa 9.784, Kishane Thompson 9.789, tofauti ya sehemu tano za elfu ya sekunde, jicho haliwezi kuona. Lakini kabla ya hapo Lyles hakuwa ameshinda raundi hata moja! Raundi ya kwanza alikuwa wa pili kwa 10.04, nusu fainali wa pili tena kwa 9.83 nyuma ya Oblique Seville. Angekuwa Mkenya, Jumamosi usiku tungekuwa tumeshamzika kwa comments. Usain Bolt raundi ya kwanza Beijing 2008 alikimbia 10.20, siku iliyofuata akavunja rekodi ya dunia kwa 9.69. Alafu kuna upande mwingine wa hiyo shilingi, Su Bingtian, Tokyo, nusu fainali 9.83, rekodi ya Asia, kila mtu amesimama, kufika fainali 9.98 na nafasi ya sita. Mimi simlaumu Su hata kidogo, mtu wa miaka 31 kuingia fainali ya Olimpiki kwa taimu kama hiyo ni heshima ya maisha, lakini Marcell Jacobs jioni hiyo hiyo alitoka 9.84 akaenda 9.80 na dhahabu ikaenda Italia. Hayo masaa machache ya katikati ndiyo yaliyoamua, na mtu anayeyashika mkononi hayo masaa ni kocha.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Sisi Kenya tumelelewa na mbio ndefu. Mita 10,000 kwa Olimpiki ni fainali moja kwa moja, unaingia, unazunguka mara 25, umemaliza. Kocha wa huko kazi yake kubwa anaimaliza kambini, Iten ama Kaptagat, na hata akibaki nyumbani mkimbiaji ataenda na miguu iliyotengenezwa vizuri. Kwa hivyo wakati wa kupanga nani apande ndege tunadhani ni hivyo kwa kila mtu. Ati kocha wa sprinta ameshamaliza kazi, wa timu atamshikia.

Hapana. Kazi ya kocha wa sprinta inaanza upya pale uwanja wa kupasha.

Baada ya raundi ya kwanza mtoto anatoka na moyo unapiga kama ngoma, anataka kukaa chini aangalie simu asome watu wanasema nini. Hapo unamchukua simu. Unamtembeza, anakimbia polepole kidogo, anakunywa, anakula kitu chepesi, ndizi ama wali kidogo, si sahani ya kujaza tumbo. Fizio, yule mtaalamu wa kukanda misuli, anamgusa miguu kwa upole, kwa sababu ukimkanda sana misuli inalala na sprinta aliyelala misuli ameisha. Alafu unaongea naye. Na unaongea kidogo! Makocha wengi tunaharibu hapa, unataka kumsahihisha vitu saba kati ya raundi na raundi, kumbe kichwa chake kinabeba kimoja tu. Moja. Pengine "sukuma ardhi nyuma hatua sita za kwanza", umemaliza. Kupasha kwa pili kunakuwa kufupi kuliko kwa kwanza, mtu anatoka mbio mbili tatu, anatoka kwa bloki, zile pedali za kuanzia mbio, mara moja, inatosha, kwa sababu kila mara anachomoka kwa nguvu anatoa kwa akiba ambayo hana pa kuijaza tena jioni hiyo. Lakini ufupi kiasi gani? Hiyo haiandikwi kwa karatasi. Hiyo unaijua kwa kumwangalia mtu anavyotembea, kama kisigino kinagusa chini kwa uzito, kama anaanza kushikashika nyuma ya paja, kama amenyamaza kuliko kawaida yake. Nani ataona hayo? Mtu aliyekutana naye kwa airport?

Alafu kuna chumba cha kusubiri, pale wanakaguliwa spaiki, vile viatu vya misumari, na namba, simu haziingii, kocha haingii. Neno la mwisho linasemwa mlangoni. Mimi naamini hilo neno lina thamani kuliko wiki nzima ya mazoezi, na nitawaambia kwa nini naamini.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na msichana, sitamtaja, tunafanya mazoezi Nyayo asubuhi kabla ya watu wa kutembea kujaa. Akafuzu mashindano makubwa nje ya nchi. Mimi nikaambiwa nafasi za makocha zimejaa. Nikaona orodha ya msafara, sitaki hata kuanza kueleza nani na nani walikuwa na beji, ile inayokuruhusu kuingia ndani na wakimbiaji, nitasema tu kuna watu walikuwa na beji na sijawahi kuwaona wakishika saa ya kupimia. Nikachanga, ndugu wakanisaidia, nikaenda kwa pesa yangu, nikakata tiketi ya jukwaani kama shabiki.

Raundi ya kwanza alikuwa wa pili, safi kabisa, akaja mpaka kwa wavu nikaingiza vidole tukashikana hivyo, nikamwambia umefanya vizuri, nenda ulale, usibadilishe kitu. Kesho yake nusu fainali. Niko juu, upande wa kuanzia, namwona anaweka bloki. Huyo msichana anapima kwa unyayo, mbili kutoka kwa mstari mpaka pedali ya mbele, tatu mpaka ya nyuma, tumerudia hiyo kitu mpaka anaweza kuifanya usingizini. Siku hiyo akaweka unyayo wa kwanza, akaweka wa pili nusu, akasimama. Akaangalia bloki. Akazisukuma mbele. Nikasimama nikaita jina lake, na uwanja mzima unaita majina.

Bunduki ikalia. Ukiwa karibu sana na mstari nyonga zinabanwa, huna nafasi ya kusukuma, kwa hivyo mwili unatafuta njia ya juu. Hatua ya tatu alikuwa ameshasimama wima kama mtu anatafuta matatu. Kuanzia mita 50 alikuwa anawakamata mmoja mmoja, mimi nalia huko juu, akamaliza wa nne. Akakosa fainali kwa taimu, sehemu mbili za mia ya sekunde. 0.02. Fungua na ufunge macho, hiyo ni ndefu kuliko kitu kilichomnyima fainali.

Alikuja kwa wavu bado amevaa spaiki. Akasema, "Kocha, waliniambia nisogeze mbele, ati nilichelewa kutoka jana. Sikujua nikatae vipi."

Sikujua nikatae vipi. Ana miaka 19, anaambiwa na mtu mzima mwenye tracksuit ya taifa, mtu anayeheshimiwa, angekataa vipi? Nikamwambia si kosa lako, mama. Na yule mzee aliyemwambia simchukii, ni mtu mzuri, amelea wakimbiaji wa mita 5,000 na nina heshima kwake, alijaribu kusaidia kwa kitu alichokiona. Lakini hakujua kwamba huyu mtoto hajachelewa, ndivyo anavyotoka, polepole alafu kama mvua ya Aprili. Mimi nilijua. Nilikuwa mita arobaini kutoka kwake na wavu katikati.

Nikiona Ferdinand Omanyala, sprinta wetu wa mita 100, akitukanwa huwa nakumbuka huo wavu. Mnakumbuka mashindano ya dunia kule Oregon, Marekani, 2022? Visa ilichelewa, dunia nzima ikaongea, akatua masaa machache tu kabla ya raundi yake, akatoka ndege karibu moja kwa moja kwenda bloki, na bado akapita kwenda nusu fainali. Akaishia hapo, na kuna watu wakaandika ati anaweza tu Kasarani kwa sababu ya mwinuko. Sawa, nakubali, hewa ya Nairobi ni nyepesi na inasaidia sprinta, ile 9.77 ya Septemba 2021 ilikimbiwa hapa juu na hakuna haja ya kubishana na fizikia. Lakini mwaka huo huo Tokyo, chini kabisa usawa wa bahari, alikimbia 10.01 raundi ya kwanza na 10.00 nusu fainali. Budapest 2023 akaingia fainali ya dunia, akawa wa saba kwa 10.07. Kwa nchi ambayo miaka yote ilikuwa inatuma watu wa mita 100 kuhesabu viti, kuingia kwa wale wanane ni kitu kikubwa mno, na swali letu lilikuwa mbona wa saba. Swali zuri lingekuwa: nani alikuwa na yeye pale katikati ya nusu fainali na fainali, na tumewapa nini kufanya kazi yao?

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia mara nyingi. Beji zinahesabiwa, kila nchi inapewa chache, kila mkimbiaji hawezi kwenda na kocha wake, pesa hakuna. Kweli. Sijasema beji zinamea kwa miti. Na kweli kuna makocha binafsi wanaoenda kule kupiga selfie, nimewaona. Lakini kama ni chache basi zianze na watu ambao wanariadha wao watakimbia mara tatu kwa siku mbili, kwa sababu hao ndio wanaohitaji mtu katikati. Na kama haiwezekani kabisa, basi kocha wa timu na kocha wa nyumbani wakae chini kabla ya safari, hata nusu saa tu kwa simu, waandikiane: bloki zake ni hivi, anapasha hivi, akinyamaza mwache, akicheka sana ana woga. Hiyo haigharimu shilingi. Mimi hakuna aliyenipigia. Namba yangu ilikuwa kwa fomu.

Na wewe wa benchi kwa kinyozi, nakuomba kitu kidogo tu. Ukiona Mkenya analegeza raundi ya kwanza akiwa wa tatu, mpigie makofi. Amekumbuka kwamba kuna kesho.

Yule msichana bado tuko naye. Alikaa miezi miwili bila kushika bloki, nikamwacha, nikidhani ameacha kabisa, alafu Jumanne moja nikamkuta Nyayo ameshafika kabla yangu. Alikuwa ameandika namba kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa begi la spaiki, mbili, tatu, na chini yake herufi kubwa: USISOGEZE. Sasa anapima mwenyewe, mimi nasimama nyuma bila kusema kitu. Mwaka huu tena anaweza kufuzu, taimu yake inakaribia, na nimeshapeleka barua ya kuomba beji mapema, miezi saba kabla, nikiambatisha kila kitu. Bado sijajibiwa. Pesa ya tiketi ya jukwaani nimeanza kuweka kando.

Yeye anasema, "Kocha, hata ukiwa juu nitajua uko." Namshukuru kwa hilo. Lakini mimi nataka kuwa pale mlangoni.