Kabla ya kubishana kuhusu vipandikizi, tuulize ni taya lipi

Mzazi akishabaki bila meno, familia nyingi hapa Nairobi hugawanyika. Mtoto mwenye uwezo anataka vipandikizi, yaani skrubu zinazopandwa kwenye mfupa wa taya ili zibebe meno, mdomo mzima; wengine wanasema meno bandia ya kuvaa na kuvua yanatosha. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: ni taya la juu au la chini?

Juu kuna kaakaa pana. Meno bandia yaliyotengenezwa vizuri hunata hapo, na wengi hula nayo bila taabu. Chini hakuna pa kunata. Ulimi unayasukuma, na mfupa uliokosa mizizi ya meno huzidi kuisha mwaka hadi mwaka. Nimemtazama shangazi yangu wa Umoja akila githeri: akitafuna, meno ya chini yanainuka, punje ya mahindi inapenya chini yake, anaweka kijiko na kuziba mdomo kwa leso. Siku hizi kwenye sherehe anaomba uji tu. Inaniuma, kwa sababu tatizo hili lina suluhisho.

Ni vipandikizi viwili tu, mbele kwenye taya la chini, na meno bandia yanayobanwa juu yake kwa vishikizo. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza hilo liwe chaguo la kwanza kwa mtu asiyebaki na jino hata moja chini. Usiku bado anayavua na kuyasafisha, lakini mchana hayachezi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kujaza taya zima vipandikizi.

Subira inahitajika. Skrubu ya titani, ambayo daktari Brånemark wa Uswidi alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, hushikana na mfupa wenyewe, na mara nyingi huchukua miezi mitatu hadi sita kushika. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kipandikizi kukataa kushika, kwa hiyo hayo yashughulikiwe kwanza.

Mkimpeleka mzee kliniki, hakikisheni daktari amesajiliwa na KMPDC, baraza linalosajili madaktari, wa meno pia, hapa Kenya. Kisha mwombeni awaandikie bei ya vipandikizi viwili vya chini, ya meno bandia yanayobanwa juu yake, na ya kubadilisha vishikizo vikilegea, maana vitalegea.